Uzi maalumu: Kujitengenezea moduli za sinthesaiza huku Nyanda za Juu Kusini (umeme, vipuri, paneli na makosa yanayojirudia)

#1 Baridi_ya_Uyole

Wakuu salaam. Ndaga kwa wa Mbeya, kamwene kwa wa Iringa na Njombe. Uzi huu ni wa wanaotaka kujenga moduli za sinthesaiza za mtindo wa Eurorack kwa vipuri vinavyopatikana huku, au vinavyopandishwa basi kutoka Kariakoo. Kwa kifupi, sinthesaiza ni ala inayotengeneza sauti kwa umeme, na moduli ni kipande chake chenye kazi moja, kinachofungwa na vingine kwenye kasha moja.

Vipimo kwanza, maana ukivikosea moduli yako haitaingia kwenye kasha la mwenzako. Mfumo huu uliwekwa na Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990. Paneli ina urefu wa mm 128.5. Upana unahesabiwa kwa HP, na HP 1 ni mm 5.08, ila paneli hukatwa pungufu kidogo zisibanane: HP 4 ikate mm 20.0, HP 8 mm 40.3, HP 12 mm 60.6. Tundu la skrubu (M3) liko mm 7.5 kutoka ukingo wa kushoto, na la juu na la chini yameachana mm 122.5. Umeme ni volti +12 na −12. Jeki ni za mm 3.5. Sauti inacheza kati ya volti −5 na +5, na lami (pichi, yaani noti kuwa juu au chini) inapanda oktavi moja kwa kila volti moja. Mlango wa kuingilia uwe na ukinzani wa 100k (omu 100,000), wa kutokea 1k.

Sasa mpangilio wa kujenga. Wengi wanaanza na osileta (saketi inayozalisha wimbi la sauti) ya kufuata kinanda kwa sababu ndiyo inayolia. Hapo ndipo wanapokwama. Anza na umeme. Kisha moduli zisizokula umeme kabisa: kigawanyo (jeki nne, ncha zote zimeunganishwa) na kipunguzi (voliumu ya 100k, mguu mmoja kwenye jeki ya kuingilia, mwingine graundi, wa kati kwenye jeki ya kutokea). Halafu mixa. Halafu osileta rahisi ya aisii (IC) ya 40106. Osileta ya kinanda iwe ya mwisho, na sababu yake kubwa ni baridi yetu. Nitaifikia.

Umeme. Transfoma ya 15-0-15 ya ampia 1, daraja la dayodi nne (1N4007 zinatosha), kapasita ya 4700 µF ya volti 35 kwa kila upande, kisha regyuleta za kushika volti, 7812 kwa +12 na 7912 kwa −12. Nyuma ya kila regyuleta weka 10 µF na 100 nF. Kwenye kapasita kubwa ya upande hasi, mguu wa + ndio unaokwenda graundi. Ukiugeuza, kapasita itavimba na kupasuka.

Na hapa sikiliza vizuri: 7812 na 7912 zinafanana kwa umbo lakini miguu haifanani. Ukizitazama maandishi yakiwa mbele, 7812 ni kuingia, graundi, kutoka. 7912 ni graundi, kuingia, kutoka. Tena bati la mgongo la 7812 ni graundi, ila la 7912 ni umeme hasi unaoingia. Ukizifunga zote kwenye hitisinki (bati la kupoozea) moja bila karatasi ya maika na kishikio cha plastiki kwenye skrubu, umepiga shoti moja kwa moja. Pima kwa mita kabla hujawasha: kati ya hitisinki na mguu wa kati wa 7912 mita isilie.

Upande wa 230 weka fyuzi, funika kila kiungio, na transfoma ikae kwenye boksi lake nje ya kasha la moduli. Kama hujawahi kushika upande wa 230, mpe fundi umeme hiyo sehemu. Kwenye ±12 ukikosea unaunguza aisii, kule ukikosea unazikwa.

#2 Sabufa_Mbovu

Mkuu uzi mzuri. Swali: sabufa nyingi zilizokufa ndani zina transfoma ya 12-0-12, na mafundi wanaziuza kama chakavu. Kwa nini nihangaike na 15-0-15?

#3 Baridi_ya_Uyole

Piga hesabu mkuu. 12 mara 1.414 ni 17, toa 0.7 ya dayodi inabaki 16.3. 7812 inataka angalau 14.5 ili ishike 12 sawasawa. Ukivuta nusu ampia na kapasita ya 2200 µF, mawimbi (mtikisiko wa volti unaobaki baada ya dayodi) yanakula volti 2.3 hivi, kwa hiyo chini kabisa inagusa 14.0. Tayari umeshapungukiwa. Ukiweka 4700 µF mawimbi yanashuka hadi 1.1, chini ni 15.2, inafanya kazi.

Ila hiyo ni kwa umeme wa 230 kamili. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, laini ikashuka hadi 200, ile 16.3 inakuwa 14.1 hata kabla ya mawimbi. Utasikia mngurumo wa Hz 100 kwenye kila moduli na utafungua osileta kutafuta kosa ambalo halimo. Kwa 15-0-15, hata kwenye 200 bado una 17.7. Gharama yake ni joto: umeme ukiwa 230, kila regyuleta inashusha volti 8 hivi, kwa nusu ampia ni wati 4. Hitisinki lazima.

Kwa hiyo transfoma ya sabufa itumie kama mfumo wako wote hauvuti zaidi ya mA 200 kwa upande, na uweke 4700. Umeme ukishuka sana bado utaungurumisha, usinilaumu.

#4 Mti_wa_Paina

Naongezea kwa walioko vijijini, Makete huko, Mufindi, ambako watu wanaishi kwa sola. Hamhitaji transfoma. Chukueni betri mbili za volti 12 za Ah 7, zile ndogo za UPS. Zifungeni mfululizo: + ya betri ya chini ishikane na − ya betri ya juu, na hapo katikati ndipo graundi. Juu unapata +12.7, chini −12.7. TL072 (opampu, aisii ya kukuza na kuchanganya sauti) inavumilia hadi ±18 na CD40106 inafanya kazi hadi 18, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Fyuzi ya ampia 1 kwenye kila ncha ya nje, iwe karibu kabisa na betri. Hakuna mngurumo wa aina yoyote. Mfumo unaovuta mA 300 kila upande unakupa saa 10 hivi ukitumia nusu tu ya chaji, na usizidishe nusu, betri hizi zikikaushwa hazirudi.

Kuchaji: tenganisha kwanza, kisha chaji moja moja. Ukichaji zote mbili zikiwa zimeungana, kwa chaja mbili zinazotoka kwenye paneli moja ya sola, − za chaja hizo zinaweza kuwa zimeshikana. Maana yake − ya betri ya juu imeunganishwa na − ya betri ya chini, na betri ya chini yote inapigwa shoti kupitia nyaya zako.

#5 Kihesa_Hz

Safi. Ila napinga kidogo #4: lami ya osileta inategemea volti za laini kama saketi yako inachukua marejeo (volti ya kujipimia) moja kwa moja kwenye +12. Betri ikishuka kutoka 12.7 hadi 12.0, noti inatembea. Kwa osileta ya kinanda weka marejeo yake, TL431 moja (kipuri cha kutoa volti isiyoyumba) inatosha. Kwa mixa, filta na kelele, betri ni tamu kuliko transfoma.

#6 Mti_wa_Paina

Kweli mkuu, nimekubali. TL431 kwenye kila moduli yenye lami.

#7 Soketi_Kwanza

Mixa, kwa aliyeuliza pembeni. Aisii moja ya TL072, kwenye soketi, usiilehemu moja kwa moja kwenye bodi.

Miguu: 1 kutoka A, 2 hasi A, 3 chanya A, 4 ni −12, 5 chanya B, 6 hasi B, 7 kutoka B, 8 ni +12.

Voliumu tatu za 100k, kila moja mguu wa kati unapita rezista ya 100k hadi mguu wa 2. Kati ya 1 na 2 weka 100k sambamba na kapasita ya 47 pF. Mguu 3 graundi. Kutoka 1, rezista ya 100k hadi 6. Kati ya 6 na 7, 100k nyingine na 47 pF nyingine. Mguu 5 graundi. Kutoka 7, rezista ya 1k hadi jeki. Kapasita ya 100 nF kutoka mguu 8 hadi graundi na nyingine kutoka mguu 4 hadi graundi, zote ziwe karibu na aisii kiasi cha kugusana. Umeme unapoingia kwenye bodi weka 10 µF kila upande.

Ukiacha zile 47 pF na 100 nF, mixa inaweza kulia sauti usiyoisikia, mamia ya kilohezi. Dalili yake: aisii ina joto bila kazi, na mziki unatoka kama umefunikwa na blanketi.

Opampu ya 4558 iliyochomolewa kwenye sabufa ina miguu ileile na kwa mixa inatosha. Usiitumie kwenye moduli ya kushika volti (sampo na kushika), inavuja kwenye mlango wake wa kuingilia na volti inatembea. Hapo TL072.

Na TL072 feki zipo nyingi. Jaribio: chomeka kwenye bredibodi (bodi ya majaribio isiyolehemiwa), unganisha 1 na 2, mguu 3 graundi, upande wa pili vilevile (6 na 7 pamoja, 5 graundi), weka ±12. Pima mguu 1 na 7. Nzuri inasoma ndani ya mV 10 za sifuri na aisii nzima inavuta mA 3 hivi. Inayosoma mV 60 au inayovuta mA 12, tupa.

#8 Sabufa_Mbovu

Waya bapa wa umeme unapatikana wapi? Nimeona watu wanatumia nyaya nne za kawaida.

#9 Soketi_Kwanza

Kwenye kompyuta za zamani za mezani, waya wa hadi disk. Ila angalia: kuna wa nyaya 40 na wa nyaya 80. Chukua wa 40, umbali kati ya nyaya ni mm 1.27 na ndio unaoingia kwenye kontakta ya kawaida. Ule wa 80 nyaya zake ni nyembamba mara mbili, ukiubana kontakta inakata mbili kwa pamoja. Pasua nyaya 10, na kama vipande vyako havina ule ukingo mwekundu, paka kwa maka peni.

Ukingo mwekundu ni −12. Siyo +12. Kontakta ya miguu 10: 1 na 2 ni −12, kuanzia 3 hadi 8 graundi, 9 na 10 ni +12. Andika "−12" kwenye bodi kwa maka, kila moduli, hata kama unajua kwa moyo. Kugeuza huu waya ndicho kiuaji namba moja cha aisii kwenye mchezo huu.

Kinga: dayodi ya 1N5819 kwenye kila laini inapoingia kwenye moduli. Upande wa +12 mstari uwe upande wa aisii, upande wa −12 mstari uangalie kontakta. Unapoteza volti 0.3 tu. 1N4007 nayo inakinga, unapoteza 0.7.

#10 Baridi_ya_Uyole

Na kabla ya kuwasha moduli mpya kwa mara ya kwanza, pitisha kila laini kwenye rezista ya omu 100. Pima volti juu ya hiyo rezista. Moduli inayovuta mA 10 itaonyesha volti 1. Ukiona volti 12 zote ziko juu ya rezista, una shoti, lakini inapita mA 120 tu, unapata muda wa kuzima. Ukiridhika toa rezista.

Sasa 40106.

Aisii hii ina vigeuzi sita ndani, kila kimoja ni osileta kamili ukikipa voliumu moja na kapasita moja. Mguu 14 ni +12, mguu 7 graundi, −12 haitumiki. Kigeuzi cha kwanza: mguu 1 kuingia, 2 kutoka. Kapasita ya 100 nF kutoka mguu 1 hadi graundi. Voliumu ya 100k ikifuatana na rezista ya 4.7k, kati ya 1 na 2. Mguu 2 uingie kwenye mguu 3 ili kigeuzi cha pili kiwe bafa (kinga ya osileta isivurugwe na kilichochomekwa), toa sauti mguu 4 kupitia kapasita ya 1 µF, 100k hadi graundi, kisha 1k hadi jeki.

Kwa volti 12 masafa ni takriban 1.2 gawanya kwa R mara C. Voliumu ikiwa mwisho unapata Hz 115 hivi, ikiwa mwanzo Hz 2,500. Viwanda vinatofautiana, usishangae ikienda 20% huku au kule. Ukitaka ya polepole, ya kuyumbisha filta, weka voliumu ya 1M na kapasita ya 10 µF, mzunguko mmoja unachukua sekunde 8, na hapo ondoa ile 1 µF ya kutokea, weka waya mahali pake.

Rezista ya 4.7k usiiache. Bila hiyo, voliumu ikifika sifuri kutoka na kuingia vinashikana na aisii inakaa katikati ikivuta umeme bure. Na vigeuzi usivyotumia, milango yao ya kuingilia ipeleke graundi, isiachwe hewani.

Muuzaji akikuambia 74HC14 ni ileile, mwambie hapana. Miguu inafanana, lakini ile mwisho wake ni volti 6. Kwenye 12 inakufa mara moja, wakati mwingine na moshi.

#11 Kihesa_Hz

Osileta mbili za aisii moja zikikaribiana masafa huvutana na kushikana, zinakuwa noti moja. Wengine wanaipenda hiyo. Usipoitaka, 100 nF kati ya 14 na 7, na rezista ya omu 100 kati ya +12 na mguu 14. Bado zikishikana, tumia aisii mbili.

#12 Mti_wa_Paina

Paneli na kasha. Nendeni kwa mafundi wa madirisha ya alumini, Mwanjelwa, Ipogolo, popote. Vipande vya mabaki wanavitupa kwenye kona. Alumini ya mm 1.5 hadi 2. Chora kwa penseli kwenye karatasi ya gundi, siyo kwenye chuma. Piga pointi kwa msumari, toboa mm 3 kwanza, kisha panua: jeki mm 6, voliumu mm 7. Ukianza na biti ya mm 7 moja kwa moja inatembea na tundu linakuwa la pembe tatu. Jeki zisikaribiane chini ya mm 14 kati kwa kati, vidole vya mtu mzima havitapita.

Reli: vipande viwili vya mbao mm 20 kwa 20, skrubu za mbao zinashika paneli moja kwa moja, hakuna haja ya reli za kuagiza. Kasha la HP 84 ndani liwe mm 427. Paina ya Sao Hill inafaa sana, nyepesi na inakatika vizuri, ila iwe imekauka kwelikweli. Mbao mbichi ikikauka ikiwa na reli, inajipinda na paneli za katikati hazifiki skrubu.

#13 Chai_ya_Tukuyu

Huku kwetu Rungwe mvua hazina likizo, na kuna tatizo ambalo wa Iringa hawalioni sana. Mafuta ya risasi (yale ya kahawia yanayobaki kwenye bodi) yakivuta unyevu yanapitisha umeme kidogo. Kwenye mixa hutajua. Kwenye moduli ya kushika volti au osileta yenye rezista za 1M kwenda juu, noti inashuka yenyewe taratibu. Osha bodi kwa alkoholi ya isopropili 99% na mswaki, mara mbili, ya pili kwa alkoholi safi. Kuosha mara moja kunatandaza uchafu tu. Kisha ikauke nusu siku kabla ya kuwasha.

Vero bodi (bodi ya matundu yenye mistari ya shaba) nayo: ukikata mistari kwa biti ya mm 4, pitisha ncha ya kisu kati ya kila mistari miwili. Unywele wa shaba usioonekana kwa jicho unashika mistari miwili na utatafuta siku nzima.

#14 Sabufa_Mbovu

Ndaga fijo wakuu. Mkuu wa #1 uliahidi habari ya baridi na osileta ya kinanda.

#15 Baridi_ya_Uyole

Osileta ya volti moja kwa oktavi inategemea jozi ya transista, na kipimo cha jozi hiyo kinabadilika 0.33% kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Juni na Julai Uyole asubuhi hadi saa nane mchana tofauti ya nyuzi 10 ni ya kawaida ndani ya chumba kisicho na dari. Nyuzi 10 ni 3.3%. Nusu toni 12 mara 0.033 ni 0.4, yaani senti 40 (senti 100 ni nusu toni moja) kwa kila oktavi unayokwenda mbali na noti uliyosetia. Oktavi mbili juu umekosea karibu noti nzima ya piano. Kwa mtu wa pwani anayeishi kwenye joto lilelile mchana na usiku, saketi hiyohiyo inaonekana haina kosa. Ndiyo maana mchoro uliosifiwa na mtu wa Dar unaweza kukusumbua Mbeya.

Njia mbili. Ya kwanza, transista mbili za 2N3904 zilizolinganishwa, zimegundishwa uso kwa uso, na juu yake rezista maalumu ya kufidia joto ya +3300 ppm (sehemu kwa milioni kwa kila nyuzi). Hiyo rezista ni ngumu kupata. Ya pili, na ndiyo ninayopendekeza, aisii ya AS3340, ambayo fidia imo ndani. Tahadhari yake: mguu 3 ni upande hasi na ndani kuna zena (dayodi ya kushika volti), usiuunganishe moja kwa moja na −12, weka rezista ya omu 560. Kapasita ya wakati ni 1 nF, iwe ya polistairini au C0G (seramiki isiyobadilika na joto). Zile seramiki za kawaida za kahawia zinabadilika na joto, utakuwa umelipia fidia na kuitupa.

#16 Kihesa_Hz

Wanaolinganisha transista: volti ya besi na emita inashuka mV 2 kwa kila nyuzi moja. Ukiishika kwa vidole umeharibu kipimo, kiache kitulie dakika mbili, dirisha limefungwa. Jozi iwe ndani ya mV 2, ikipatikana mV 1 bora.

Kuseti: iwashe dakika 30 kwanza. Ingiza volti 1, soma noti kwenye programu ya kutyuni ya simu, kisha volti 3. Inatakiwa kupanda oktavi mbili kamili, mfano Hz 110 hadi 440. Mita ya bei rahisi yenye kosa la 0.5% inakosea mV 15 kwenye volti 3, na nusu toni moja ni mV 83.3, kwa hiyo tayari una senti 18 za uongo. Kama una kinanda chenye kutoa CV (volti ya kuiambia osileta noti), amini kinanda kuliko mita.

#17 Sabufa_Mbovu

La mwisho kwangu: nyaya za kuunganisha moduli. Waya wa oksi unafaa? Na nikitoa sauti niingize kwenye mixa ya ukwaya wa kanisani?

#18 Soketi_Kwanza

Waya wa oksi unafaa kabisa, ncha yake ndiyo inayobeba kazi, ile pete ya kati inakaa bure. Epuka zile nyembamba sana, ngao yake ni nyuzi tatu nne na inashika kelele za simu.

Kwenda mixa ya kanisa usiingize moja kwa moja. Moduli inatoa volti 10 kilele hadi kilele, ile mixa inatarajia chini ya volti 2 kwenye laini. Weka 10k mfululizo kisha 1k hadi graundi, uchukue sauti hapo kati: inabaki 0.9. Iingize kwenye tundu la laini, siyo la maiki. Na kabla ya kuchomeka hakikisha umeme wa fantomu (ule ambao mixa inaupeleka kwenye maiki) wa hiyo chaneli umezimwa, kwenye mixa nyingi ndogo ni swichi moja kwa chaneli zote, kwa hiyo muulize kwanza anayeendesha maiki za kwaya.